Vipimo vya Kichwani

Mpendwa mke wangu, mama Mwende,

Nimekaa kwenye kibaraza chetu hapa Kola, mbele ya cherehani, asubuhi jua likiwa bado halijafika kwenye matuta ya shamba. Nakuandikia asubuhi kwa sababu mchana kichwa changu huchoka, na kikichoka naanza kurudia maneno. Ukiona nimesema jambo mara mbili, nivumilie. Ulinivumilia nilipokuwa mzima wa kichwa, na hiyo pia haikuwa kazi ndogo.

Naona haya, mama Mwende. Kuna jambo nimesema mbele ya watu bila ruhusa yako, na kuna nguo nimeharibu. Ningetaka usikie kwangu kabla hujasikia kwa wengine, ikiwa huko uliko watu husengenyana kama huku.

Lakini niruhusu nianzie mbali kidogo, pale ambapo mimi si wa kuonewa huruma.

Unakumbuka ulivyokuja mara ya kwanza? Ulikuwa na kitambaa cha manjano chenye maua madogo, umekikunja ndani ya kiondo juu ya mahindi. Nikakupima bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Ukawa unaangalia meza unatafuta kalamu.

"Kwani huandiki?" ukaniuliza.

"Siandiki."

"Na ukisahau?"

"Fundi akisahau, auze cherehani anunue mbuzi."

Ulicheka, lakini hukuniamini. Nguo ilikutosha, ukaenda, na baada ya mavuno ukarudi bila kitambaa chochote. Ukasimama pale kwa mlango, mikono nyuma, ukasema: "Haya, niambie bega langu ni ngapi." Nikakwambia. "Na kiuno?" Nikakwambia. Ukauliza mkono, ukauliza shingo, nami nikakujibu yote nikiiangalia cherehani, maana kukuangalia wewe nilikuwa nimeshindwa. Ukasema, "Huyu mtu ni hatari." Baadaye ulidai kwamba siku hiyo ulikuwa umepita tu ukienda kununua chumvi.

Tulipooana ukawa ndiye mpimaji. Ulisimama mlangoni na tepu shingoni, ukimpima mteja huku unaita nambari kwa sauti mpaka mwenye duka la ng'ambo ya barabara alijua viuno vya watu wote. Mimi nilirudia mara moja tu, nayo ikakaa. Watu walisema kwamba fundi amebeba Kola nzima kichwani. Mtu akiwa kazini Nairobi alituma kitambaa na salamu, nami niliuliza swali moja tu, "Amenenepa?", kisha nikakata. Nilijivuna sana kwa hilo. Hata kanisani nikiwaangalia waliopiga magoti mbele yangu, sikuona wenye dhambi, niliona mabega.

Kisha ukaanza kukohoa.

Ile siku ya hospitali naikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Daktari alitupima damu sote wawili, akatuita pamoja, akatuambia.  Wakati huo dawa zilikuwa za wenye pesa zao, sisi tukapewa za kifua na pole. Tulipofika nyumbani ukapika muthokoi wa mahindi na maharagwe, ukamwita Mwende aje ale, na usiku ukaniambia, "Tutasema ni kifua." Nikakubali. Tukasema ni kifua, na watu wakatuitikia kwa heshima ingawa wengi walijua. Mficha maradhi, husemwa, kifo humuumbua, lakini wewe hakikukuumbua. Uliondoka na siri yako imefungwa vizuri, na mimi ndiye niliyebaki na ufunguo.

Uliniachia neno moja. Mwende alikuwa darasa la nne, amelala kwa miguu yako, miguu yake mwenyewe imejaa vumbi la shule. Ukasema, "Nguo yake ya harusi usimpe fundi mwingine." Nikakuuliza harusi gani, mtoto mwenyewe hajui hata kusokota uzi wa kiondo. Ukasema, "Wewe nisikie tu."

Siku tuliyokuzika siikumbuki.

Nimeijaribu mara nyingi. Nakumbuka asubuhi yake, nakumbuka kaka yangu Mutiso akinipa kibuyu cha kaluvu ili nipate nguvu za kusimama, kisha hakuna kitu mpaka kesho yake. Mwende ndiye aliyenieleza, alipokuwa mkubwa. Anasema nilisimama kaburini na tepu shingoni, na hakuna mtu aliyethubutu kunivua. Mume gani huyo ambaye anasimuliwa mazishi ya mke wake na mtoto?

Baada ya hapo nilikuwa mtu wa baa. Mchana nashona, jioni nanywa, na tuliambiana mezani kwamba pombe sio chai, tunacheka, tunaagiza nyingine. Sitakuchosha na miaka hiyo. Mwende alilelewa zaidi na mdogo wako Syombua kuliko mimi, na alilelewa vizuri.

Kisha dawa zikaja mpaka Machakos, za bure. Nikaanza kuzimeza nikiwa nimekonda hata suruali zangu mwenyewe nilizipunguza kiuno mara mbili. Mwili ukarudi. Kule kliniki wakasema, uache pombe. Nami nikaacha. Kweli kabisa, niliacha. Chupa sikuigusa tena, na pale baa wakaniuliza kama nimeokoka.

Lakini kaluvu sikuihesabu. Wewe umekulia hapa, unajua. Kaluvu ni asali ya mizinga ya Mutiso na maji, na yale matunda ya miatine yaliyokaushwa, imekaa kwenye kibuyu karibu na jiko mpaka ichemke yenyewe. Ni ya wazee, ya wageni na ya mila. Mtu akitoka kwenye baa huambiwa amelewa. Akitoka kwenye kibuyu husema, "Nilikuwa nimekaa na wazee." Basi mimi kila alasiri nilikuwa nimekaa na wazee. Nikiulizwa kliniki kama nimeacha pombe, nilijibu ndiyo, na moyo wangu haukunisuta hata kidogo.

Kitu cha kwanza kuharibika kilikuwa koti la mwenyekiti wa shule. Nililishonea mikono miwili ya kushoto. Nikalaumu kitambaa. Baadaye ikawa sare za watoto. Nampima mtoto, nageuka kuchukua chaki, nambari imeondoka. Nampima tena, nageuka, imeondoka. Mwalimu mmoja nilimpima mpaka akachoka, akasema, "Fundi, sasa unanipima ama unanipapasa?" Watu wakacheka kibarazani, nami nikacheka nao, nikicheka kwa nguvu kuliko wote ili wasione uso wangu.

Hata dawa nikaanza kuzipoteza. Nilizimeza wakati taarifa ya habari ya jioni redioni ikianza, kisha ikiisha sijui kama nimemeza au nimekusudia kumeza. Mikono nayo ikawa mizito. Kutia uzi kwenye sindano kukawa kama kazi ya mtu mwingine.

Na siku moja nikapotea. Nilikuwa natoka sokoni kununua uzi, nikafika pale njia yetu inapoteremka, nikasimama. Sikujua ni wapi. Niliona njia, niliona mkonge wa jirani, na hakuna kilichoniambia kwamba hapo ndipo nyumbani. Mama Nduku anayeuza nyanya akaniona, akaacha biashara yake, akanishika mkono. "Si mbali, Fundi, ni hapa tu," akasema, kwa ile sauti tunayotumia kwa watoto. Upole wake uliniuma kuliko kama angenicheka. Sokoni wengine walisema nimelewa, wengine wakasema nimerogwa. Mimi nilipenda ile ya kurogwa, kwa sababu aliyerogwa hana makosa.

Mwende akaja kutoka Katangi, anakofundisha watoto wa nasari, akanipeleka kliniki yeye mwenyewe. Daktari wa siku hiyo alikuwa kijana, Mkamba wa Ndithini. Akaniambia, "Mzee, nitakutajia vitu vitatu. Uviweke kwa kichwa, nitakuuliza baadaye. Jembe, sufuria, ndizi." Nikamwambia hiyo ni kazi ya mtoto. Akaniuliza habari za mvua, za mahindi, za dawa, kisha akasema, "Haya, nirudishie vitu vyangu."

Nilikuwa na jembe.

Nilitafuta vile vingine, mama Mwende. Nilitafuta kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye mchanga. Mimi niliyekuwa nimebeba Kola nzima nikashindwa na sufuria na ndizi, na Mwende amekaa kando yangu, anaangalia viatu vyake.

Daktari hakucheka. Akasema, "Hivi virusi haviishi kwa damu peke yake, mzee. Vinaingia mpaka kwa ubongo. Dawa inavituliza. Lakini ukikunywa, pombe pia inakula huo ubongo, inakusahaulisha dawa, na virusi vinaamka. Ni wezi wawili kwa nyumba moja, na mmoja anafungulia mwingine mlango."

"Lakini mimi niliacha pombe," nikasema.

"Kabisa?"

Mwende akajibu kwa niaba yangu, bila ubaya wowote. "Ameacha, daktari. Anakunywa kaluvu tu."

Yule kijana akaweka kalamu chini. "Kaluvu ni pombe. Najua, hata baba yangu anabishana na mimi. Lakini ubongo hauulizi kama ilitoka kwa chupa ama kwa kibuyu."

Nikamuuliza, nikiacha, akili zitarudi? Akasema, "Zingine zinaweza kurudi. Zingine hazitarudi, sitaki kukudanganya. Lakini zile ziko, tunaweza kuzilinda."

Tulipotoka tukakaa kwenye ukuta mfupi nje ya hospitali. Mwende alininunulia mahindi ya kuchemsha. Nilijua ana habari ya kunipa, kwa sababu alikuwa anayavunja mahindi punje moja moja kama wewe ulivyokuwa ukifanya. Akasema kuna kijana, Kioko, mwenye duka Katangi, na watu wake wanataka kuja. Kisha akauliza, "Sasa nani atashona nguo yangu, Baba?"

"Ni mimi," nikasema.

 Alinifuta punje ya mahindi kidevuni.

Basi nikaacha na kaluvu. Alasiri nilijifungia ndani ili nisisikie wazee wakicheka kwa Mutiso. Nilitetemeka, nikatokwa jasho, lakini kidogo kidogo ukungu ukapungua. Nikaweza kusikiliza taarifa nzima na kujua ilisema nini. Nikaanza kuamini kwamba neno lako nitalitimiza.

Kisha wakaja na mbuzi wa ntheo. Unajua mila. Bila ntheo binti hajaolewa hata akizaa watoto kumi, na kaluvu ya siku hiyo hakuna anayeionja kabla ya baba wa msichana. Wazee wa Katangi wamekaa upande mmoja, wetu upande huu, Kioko ameinamisha kichwa, Mwende amesimama na kina mama mlangoni. Mutiso akanijazia pembe mpaka juu, akanipa. Harufu ikanipanda puani. Niliitaka, mama Mwende. Sitakudanganya, mwili wote uliitaka.

Hudondoshwa kidogo chini kwa waliotangulia, kisha ndipo baba anywe. Mimi nikaimwaga. Yote. Ardhi ikainywa mpaka tone la mwisho.

 Mutiso akajaribu kuokoa mambo. "Jameni, ndugu yangu siku hizi anasahau. Amesahau hata kunywa." Watu wakacheka, na yeye akainua kibuyu anijazie tena.

Hapo ndipo palikuwa na mlango rahisi. Ningekaa kimya, wangesema fundi amesahau, nami ningeinywa hiyo ya pili kwa heshima ya wageni. Nikamwangalia Mwende. Nikasimama.

"Sijasahau," nikasema. "Niko na virusi vya ukimwi. Mimi na mama Mwende tulikuwa navyo pamoja, haikuwa kifua. Na hii kaluvu imenila kichwa. Nikiinywa, sitaweza kushonea huyu mtoto nguo yake."

Ndilo jambo hilo. Siri uliyoifunga vizuri mpaka kaburini, mimi niliifungua mbele ya wakwe, mbuzi wakisikiliza. Uso uliniwaka. Nilisikia mtu mmoja nyuma akivuta kiti chake mbali na changu. Sikukuuliza, na hukuwa na njia ya kunikataza. Nisamehe. Kama ningekuwa na lingine la kusema ambalo Mutiso angeliamini, ningelisema.

Baba yake Kioko, mzee mwembamba asiye na maneno mengi, akakohoa. Akasema, "Asali si iko? Mkorogee kwa maji. Hatukukuja kuua mtu." Wakanikorogea asali ya mizinga ile ile, mbichi. Nikaionja, nikabariki, na ntheo ikaliwa. Wengine walienda mapema. Mutiso hakunisemesha mpaka mvua zilipoanza.

Sasa nakuja kwenye nguo.

Kioko alileta kitambaa cheupe kutoka Nairobi, kizuri, kizito, kinachoteremka chenyewe. Nilimpima Mwende asubuhi na mapema nikiwa sijazungumza na mtu. Nikarudia nambari kwa sauti. Nikageuka kuchukua chaki nikiwa na hofu, na nambari zikakaa. Zote, mama Mwende. Bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu, zikanijia kwa mpangilio, hakuna hata moja iliyosita. Nilikata huku naimba. Nilishona asubuhi tu, polepole, wiki baada ya wiki, na Mwende aliponiuliza kama sitaki kuandika mahali, nilimjibu kwa yale majivuno yangu ya zamani, "Mimi siandiki."

Wiki iliyopita akaja kuijaribu. Syombua alikuwapo, amekuja kusaidia kuchambua maharagwe ya harusi. Mwende akaingia ndani na nguo, akakaa sana, akatoka akiwa ameishikilia mgongoni. Ilikuwa imekwama mabegani. Nyuma haikufunga, palibaki upana wa kiganja. Pindo lilikuwa limeacha vifundo vya miguu nje. Unajua binti yako alichukua mwili wa upande wetu, mrefu, mwenye mbavu pana.

Nikachukua tepu nikaipima ile nguo pale pale mwilini mwake, nikitaja kila nambari kwa sauti ili nione nilikosea wapi. Bega sawa. Kiuno sawa. Kila kitu kilikuwa vile nilivyokikata, na mimi sikuelewa.

Syombua akaacha maharagwe. Unajua yeye ndiye aliyerithi nguo zako zote, hata ile ya manjano, na alizivaa mpaka zikaisha. Akaja akashika bega la ile nguo, akashika kiuno, akakaa chini kwenye gunia.

"Shemeji," akasema, "hii ni ya dada."

Nambari hazikuwa zimekaa, mama Mwende. Za Mwende zilitoka kabla chaki haijagusa kitambaa, na zako zikachukua nafasi yake bila kubisha hodi. Nilipokuwa naimba, nilikuwa nakukata wewe. Bega ulilokuja kuniuliza ukiwa mikono nyuma, nililikumbuka bila kosa, na la mtoto aliyesimama mbele yangu likanishinda.

Nilikosa pa kuweka uso. Kitambaa cha mkwe, neno lako, wiki zote hizo, na binti amesimama kibarazani mgongo wazi. Nikamwambia avue, nitaifumua, tutatafuta fundi wa mjini. Nilisema hivyo, mimi mwenyewe.

Mwende alikuwa anajiangalia kwenye kile kipande cha kioo cha wateja.  Alikuwa anapapasa kitambaa kifuani, polepole.

"Usiifumue, Baba," akasema.

"Haikutoshi."

"Ongeza vipande kwa mbavu. Hapa, na hapa. Kitambaa si kimebaki? Na chini uweke pindo lingine. Lakini hii ya katikati uiache vile iko."

Kisha akanitoa tepu shingoni, akaitia shingoni mwake, akaenda akasimama pale mlangoni. Akajipima ubavu mwenyewe, akaita nambari kwa sauti mpaka mwenye duka la ng'ambo akageuka. "Rudia, Baba." Nikarudia. Nikageuka kuchukua chaki, ikaondoka. Akaita tena, bila kukasirika, nami nikakata nikiwa namsikia.

Tumekuwa tukifanya hivyo kila asubuhi, na leo namalizia pindo. Kuna siku nitaamka nikute mengine yameenda, daktari alishaniambia, na huenda nisikuandikie tena. Kwa hivyo kaa salama huko, na usininunie kwa lile nililosema mbele ya wakwe.

Harusi ni Jumamosi. Utakapomwona Mwende akiingia kanisani, utaona mshono mmoja kila upande, chini ya mikono, mahali ambapo fundi mwenye akili zake asingeweka mshono. Watu wataiangalia, na wengine watasema fundi amekwisha. Waache. Katikati ya mishono hiyo miwili ni wewe.

Ni mimi mume wako,
Baba Mwende